Yungiyungi la Gray: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia Uchanuaji na Kuchavusha kwa Mkono

Katika milima ya Appalachia, kwenye majimbo ya North Carolina, Tennessee na Virginia nchini Marekani, huota yungiyungi jekundu ambalo wataalamu wa mimea huliita Lilium grayi. Sereno Watson ndiye aliyelieleza kitaalamu mwaka 1879, akalipa jina la mwanabotania Asa Gray, na hadi leo halijulikani kuota porini nje ya milima hiyo. Ngome yake kuu ni Mlima Roan, ambao kilele chake cha juu hufikia mita 1,916. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi au mtu wa kujitolea anayetaka kushiriki kazi ya kulihifadhi, na vilevile kwa anayetunza mayungiyungi bustanini, kwa kuwa kazi ya mikono ni ile ile.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba wingi wa maua si wingi wa mbegu. Yungiyungi hili huzaa pia chini ya ardhi: tunguu lake, yaani shina nono la chini ya udongo, hutambaa na kuchipua matunguu mengine, hata kichaka chenye mashina kadhaa kikawa ni mmea mmoja uliojirudia. Katika jenasi ya Lilium, spishi nyingi huikataa chavua (unga wa kiume wa ua) yao zenyewe, hivyo chavua inayohama kutoka shina moja hadi jingine ndani ya kichaka kimoja huenda isizae chochote, ingawa nyuki na ndege wamefanya kazi yao yote. Kwa hiyo karibu kila hatua inayofuata inahusu swali moja, yaani chavua hii imetoka kwa nani.

Kuujua mmea na mahali pake

Shina hupita mita moja kwa urefu linaponawiri, na majani yake hujipanga kwa duara kulizunguka, duara juu ya duara. Maua huinama au hukaa kimshazari, yakiwa na umbo la kengele. Tepali zake sita, yaani vipande vya ua vinavyofanana na petali, ni nyekundu kwa nje, na kwa ndani zina rangi ya machungwa inayoelekea manjano pamoja na madoa ya zambarau. Ncha za tepali hutanuka kidogo tu bila kujikunja nyuma, na hiyo ndiyo alama ya kutumia unapolitofautisha na majirani zake wawili. Lilium canadense ua lake hufunguka zaidi na kuonyesha stameni (sehemu za kiume zenye chavua) wazi, na Lilium superbum tepali zake hujikunja nyuma kabisa.

Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu yungiyungi la Gray huchanganyika na Lilium canadense na kuzaa chotara. Mtu akichukua chavua kwenye mmea wenye sura ya katikati, atakuwa anaeneza uchotara ndani ya kundi alilokusudia kulinusuru. Mmea ukikutia shaka, uache.

Makazi yake ni nyanda za nyasi za vileleni, kingo za misitu na sehemu zenye unyevu wa kutosha. Nyanda hizo zisipotunzwa humezwa na vichaka vya miiba na miti midogo, na yungiyungi lililofunikwa na kivuli huweza kuishi miaka mingi likitoa majani bila kuchanua.

Kibali na vifaa

Mmea huu unalindwa kisheria, na sehemu kubwa ya Mlima Roan imo ndani ya misitu ya taifa ya Pisgah na Cherokee. Kutazama na kupiga picha ukiwa kwenye njia hakuhitaji ruhusa ya mtu, lakini kufunika ua, kulikata stameni, kuchukua chavua au kuchuma tunda ni mambo yanayotaka kibali cha maandishi kutoka kwa mwenye ardhi na kwa mamlaka ya uhifadhi ya jimbo husika. Omba wakati wa baridi, miezi kadhaa kabla ya msimu, na katika ombi lako ueleze idadi ya maua utakayoyagusa.

Vifaa ni vichache: kibano chenye ncha nyembamba, lenzi ya mkononi, spiriti ya asilimia 70 na vitambaa vya kufutia, mifuko ya kitambaa chepesi cha neti chenye matundu madogo, nyuzi laini za sufu, vijiti vya kuegemeza mashina, vichupa vidogo vyenye vifuniko, punje za silika za kukaushia, vibandiko visivyoharibiwa na mvua, penseli na daftari. Ninasisitiza penseli kwa sababu ukungu wa Roan hulowesha karatasi mchana kutwa, na wino huenea hata usisomeke.

Kutenganisha mmea na mmea

Kazi hii ifanyike mashina yakiwa bado mafupi, kabla ya matumba kuonekana. Chora ramani ya eneo, kipe kila kichaka namba, kisha pima umbali kati ya vichaka. Mashina yaliyokaribiana yahesabiwe kuwa ni mmea mmoja hadi uthibitisho wa kijenetiki useme vinginevyo. Kwa kuchagua mzazi wa kiume, kanuni yangu ni kuacha angalau mita 10 kati yake na mzazi wa kike, na ikiwezekana kuwe na kizuizi cha mwamba au kijito katikati, ambacho matunguu hayawezi kukivuka kwa kutambaa.

Umbali nao una mpaka wake. Usihamishe chavua kutoka mlima mmoja hadi mwingine kwa uamuzi wako mwenyewe, kwa kuwa makundi yaliyotengana muda mrefu huenda yamezoea mazingira yao kwa namna tofauti. Kuyachanganya ni uamuzi wa wasimamizi wa spishi, wenye takwimu za kijenetiki mkononi.

Kalenda ya msimu

Mashina hutokeza katika majira ya kuchipua. Matumba huonekana kufikia Juni, na maua hufunguka kati ya katikati ya Juni na Julai, sehemu za chini zikitangulia na za juu zikifuata. Matunda hukomaa na kupasuka majira ya mapukutiko. Kwa hiyo tembelea eneo mara moja kwa wiki kabla ya Juni, kila baada ya siku mbili au tatu matumba yanapoanza kubadilika rangi, na kila siku katika wiki ya kazi ya mikono. Maua ya rododendroni nayo huvuta watalii wengi Roan mwezi Juni, na miongoni mwao wapo wapiga picha wanaoiacha njia na kukanyaga mashina machanga wakilifuata ua lililochanua. Ukiweza, chagua vichaka vilivyo mbali na njia.

Kulisoma ua

Tumba changa ni la kijani na gumu. Likikaribia kufunguka hugeuka jekundu, na ncha za tepali huanza kuachana. Huo ndio wakati wa pekee wa kuondoa stameni bila chavua kumwagika, kwani vifuko vyake vya chavua bado vimefungwa, virefu na laini. Ua likishafunguka, vifuko hupasuka kwa urefu wake, hugeuka na kuning'inia kwa wepesi kwenye ncha za vijiti vyake, vikiwa vimejaa unga wa kahawia wenye mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayoifanya chavua imng'ang'anie ndege, na ndiyo pia yanayotia doa shati.

Stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, ina pande tatu na hukaa kwenye ncha ya kijiti kirefu kinachotoka juu ya ovari, yaani kifuko cha mbegu. Itazame kwa lenzi kila siku. Ikiwa kavu na isiyong'aa, ngoja. Inapong'aa na kunata kwa majimaji iko tayari kupokea chavua, na hali hiyo hudumu siku kadhaa. Ikigeuka kahawia na kusinyaa, wakati umepita.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ua liiname. Katika mlima wenye mvua na ukungu kiasi hiki, ua linalotazama chini huifunika chavua yake na mbochi yake (maji matamu ya ua) kwa tepali zake lenyewe, na mdudu asiyeweza kuelea au kuning'inia hupata taabu kuifikia.

Kuwatazama wageni wa ua

Mchavushaji anayetajwa zaidi kwa yungiyungi hili ni ndege mvumaji mwenye koo jekundu, Archilochus colubris, mwenye uzito wa takriban gramu 3, ambaye hukaa Mexico na Amerika ya Kati wakati wa baridi na kurudi kaskazini majira ya kuchipua. Msomaji wa Afrika Mashariki amfikirie chozi wetu anayefyonza mbochi ya migomba, ila mvumaji hahitaji kutua: huelea hewani chini ya kengele, akaingiza mdomo kutoka chini, na uso wake ukagusa chavua na stigma kwa pamoja. Rangi nyekundu na umbo la kengele lisilo na kituo cha kutua vinaafikiana na mgeni wa namna hiyo.

Kaa umbali usiopungua mita 5, bila nguo nyekundu, maana ndege hawa huifuata rangi hiyo na utajikuta wewe ndiye unayetembelewa. Tazama kichaka kimoja kwa dakika 20 kwa wakati, asubuhi, adhuhuri na alasiri, kisha urudie siku nyingine yenye hali tofauti ya hewa. Andika aina ya mgeni, idadi ya maua aliyoyaingia, na muda aliokaa. Safu iliyo muhimu kuliko zote katika daftari, na ambayo wengi huisahau, ni ile inayosema kama mgeni aligusa stigma. Nyuki mdogo anaweza kukusanya chavua asubuhi nzima bila kuigusa stigma hata mara moja, na huyo ni mgeni anayekula tu. Andika pia mgeni alikwenda wapi alipoondoka: kwenye ua jirani la kichaka kile kile, kwenye kichaka kingine, au kwenye mmea wa spishi nyingine. Kwa mmea huu, ndege anayeruka kutoka kichaka hadi kichaka ana faida kubwa kuliko wadudu wengi wanaozungukazunguka mahali pamoja.

Jaribio la aina nne

Kutazama pekee hakutoshi kueleza sababu ya uhaba wa mbegu. Linganisha makundi manne ya maua yaliyochaguliwa kwa kura, wala si kwa uzuri. Kundi la kwanza liachwe wazi bila kuguswa. La pili lifunikwe tangu tumba na lisichavushwe. La tatu lifunikwe na lichavushwe kwa chavua ya mmea ule ule. La nne lifunikwe, liondolewe stameni, na lichavushwe kwa chavua ya mmea mwingine.

Kundi la pili likitoa mbegu, ama ua linajichavusha lenyewe ama mfuko wako unavuja. La tatu likishindwa na la nne likafanikiwa, umepata ushahidi kwamba mmea huikataa chavua yake. Kundi la nne likizidi sana lile lililoachwa wazi, basi porini kuna upungufu wa chavua inayofaa. Upungufu huo hupimwa kwa kuchukua 1 na kutoa uwiano wa mbegu nzima za kundi la wazi kwa zile za kundi la nne. Tuseme ua la wazi limetoa wastani wa mbegu 30 na lililochavushwa kwa mkono 120. Hesabu ni 1 kutoa 0.25, yaani 0.75. Matokeo yakikaribia sifuri, weka kibano chini: tatizo la kundi hilo haliko kwenye uchavushaji, na juhudi zako zitafaa zaidi kwenye kupambana na kivuli, ugonjwa au wanyama.

Katika kundi dogo usitumie kila ua. Acha maua mengi kuliko unayoyagusa, na usilishughulishe shina moja kwa zaidi ya ua moja au mawili.

Kuchavusha kwa mkono

Chagua siku kavu. Chavua iliyolowa hushikana madonge, na stigma yenye matone ya mvua haifai kupakwa.

1. Futa kibano na vidole kwa spiriti, uache vikauke kabisa, kwani spiriti huua chavua pia. Rudia kila unapobadilisha mmea.

2. Kwenye tumba jekundu lililo karibu kufunguka, tenganisha tepali polepole na ung'oe vifuko vyote sita vya chavua. Vihesabu mkononi. Kifuko kimoja kilichosahaulika hubatilisha jaribio.

3. Vika mfuko wa neti, funga kwa uzi wa sufu kwenye kikonyo bila kukibana, na uegemeze shina kwa kijiti. Upepo wa vileleni huvuta mfuko kama tanga, na shina lisiloegemezwa huvunjika.

4. Chukua chavua kutoka kwenye ua la mzazi wa kiume lililofunguka karibuni. Ni vizuri ua hilo nalo liwe limefunikwa tangu tumba, ili uwe na hakika kuwa ndege hajaleta chavua ya mwingine juu yake. Chukua kifuko kimoja au viwili, uwaachie wageni vilivyobaki.

5. Stigma inapong'aa na kunata, fungua mfuko, shika kifuko cha chavua kwa kibano na ukipake juu ya pande zote tatu mpaka zibadilike rangi. Ukipaka upande mmoja tu, sehemu ya ovari inaweza kukosa mbegu.

6. Funga mfuko, funga kibandiko chenye namba ya mama, namba ya baba, aina ya jaribio na tarehe, kisha nakili maelezo hayo daftarini kabla hujaondoka hapo.

7. Rudia kupaka kesho yake ikiwa stigma bado inanata. Mfuko uondolewe stigma ikishanyauka, ili tunda lipate mwanga na hewa.

Mrija ambao punje ya chavua huuotesha huhitaji siku kadhaa kushuka ndani ya kijiti hadi kwenye ovari, na katika mayungiyungi yenye tabia ya kujikataa ni katika safari hiyo mrija wa chavua ya mmea wenyewe unapokwama. Ndiyo maana huwezi kuhukumu kwa kuitazama stigma.

Chavua ya akiba

Mara nyingi mzazi wa kiume huchanua kabla ya wa kike. Weka vifuko vilivyopasuka ndani ya kichupa pamoja na punje za silika zilizotengwa kwa pamba, uviache vikauke siku moja, kisha ufunge na uweke kwenye jokofu. Hapo chavua ya mayungiyungi hudumu wiki kadhaa, na ikiwa kavu barabara kwenye friza hudumu muda mrefu zaidi. Kabla ya kuitumia, ijaribu: changanya gramu 10 za sukari nyeupe katika mililita 100 za maji yaliyochemshwa na kupoa, pamoja na miligramu 10 za asidi boriki, nyunyiza chavua kwenye tone, na baada ya saa kadhaa tazama kwa hadubini kama mirija imetoka. Isipotoka, usipoteze ua kwa chavua hiyo.

Kulinda tunda

Dalili ya kwanza ya mafanikio ni mwendo wa kikonyo. Ua lililoinama hunyauka, kisha kikonyo hujinyoosha na ovari ikatazama juu ikivimba. Dalili hiyo isikulevye, kwa sababu tunda laweza kuvimba likiwa limejaa makapi, yaani mbegu tupu.

Kuanzia hapo adui ni wawili. Wa kwanza ni wanyama, hasa kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe, anayekula matumba na matunda. Uzio wa waya unaozunguka kichaka kizima hufanya kazi vizuri kuliko dawa za kufukuza, ambazo mvua huziosha. Wa pili ni kuvu aitwaye Pseudocercosporella inconspicua, anayeleta madoa ya kahawia hafifu kwenye majani, shina na hata matunda, hata mmea ukakauka kabla ya mbegu kukomaa. Piga picha ya kila shina mara moja kwa wiki ili uone madoa yanavyoenea. Anza kazi kwenye vichaka vyenye afya na umalizie kwenye vilivyo na madoa, piga viatu brashi unapotoka, na usishike majani yaliyolowa. Shina lililougua sana lisitumike kuwa mama, kwa kuwa linaweza kufa kabla ya kukomaza tunda ulilolitaabikia.

Mbegu

Tunda lililokomaa hugeuka kahawia na kuanza kuachana nchani katika pande tatu. Livike mfuko mdogo kabla halijapasuka. Ndani yake mbegu bapa zimepangwa safu sita, moja juu ya nyingine, zikiwa tayari kupeperushwa na upepo. Zimwage juu ya kioo chenye taa chini yake: mbegu nzima huonyesha mstari mweusi wa kiinitete katikati, na makapi hupitisha mwanga bila mstari. Hesabu zote mbili, maana uwiano wao ndio unaojibu swali la jaribio. Ikiwa kibali hakisemi kuchukua mbegu, zirudishe hapo hapo chini ya mmea mama baada ya kuzihesabu.

Zilizoruhusiwa kuoteshwa zinahitaji subira. Mbegu hii huota chini ya ardhi kwa kuchelewa: kwanza hutengeneza tunguu dogo gizani, na jani hufuata baada ya baridi. Changanya mbegu na vamikulaiti (madini mepesi ya kuoteshea) yenye unyevu mdogo ndani ya mfuko wa plastiki, uuweke kwenye joto la nyuzi 20 hivi kwa miezi mitatu. Matunguu yakionekana, hamishia mfuko kwenye jokofu kwa nyuzi 4 kwa miezi mingine mitatu, kisha panda kwenye vyungu vya maua vyenye kina na udongo unaopitisha maji. Mwaka wa kwanza tarajia jani moja tu. Ua huja baada ya miaka kadhaa.

Kwa wanaosimamia eneo la porini, kufyeka vichaka au kuingiza mbuzi wa kula miiba, kama ilivyofanywa Roan, kupangwe kwa kufuata ramani yako ya vichaka vya yungiyungi. Mbuzi wazuiwe kwa uzio wasifikie mashina, na mafyekeo yasubiri matunda yapasuke na mbegu zianguke. Miche iliyooteshwa nje irudi kwenye mteremko ule ule ilikotoka mbegu, ipandwe majira ya mapukutiko ikiwa imelala, kila mmoja na kibandiko chenye namba ya mama na ya baba.